Samaki Wageni Ziwani na Gharama ya Kuwaondoa

Wanaotetea kupandikiza samaki wageni kwa ajili ya uvuvi wa burudani wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote hutoka Ziwa Michigan nchini Marekani, ambako samoni wa Bahari ya Pasifiki walianza kupandikizwa mwaka 1966. Samaki wakubwa wa asili walikuwa wamekwishamalizwa na uvuvi wa kupita kiasi pamoja na lampri, wanyonyaji wa damu ya samaki, huku samaki wadogo wa jamii ya heringi waliojipenyeza kutoka baharini wakiongezeka bila wa kuwala, hata mwaka 1967 wakafa kwa wingi na kuozea ufukweni. Samoni waliwapunguza, na juu ya hayo wakaanzisha biashara ya uvuvi iliyowapa wakazi wa kandokando kipato.

Mfano huo, hata hivyo, una sharti linalosahaulika: nafasi ya mlaji mkuu ilikuwa tayari wazi. Na hata hapo ufanisi haukuwa na dhamana, kwa maana chakula kilipoporomoka katika ziwa jirani la Huron mwanzoni mwa miaka ya 2000, samoni nao waliporomoka.

Penye mlaji wa asili mambo huwa mengine. Katika Ziwa Yellowstone, pia nchini Marekani, trauti wageni (samaki wa jamii ya samoni) waligunduliwa mwaka 1994. Trauti wa asili hupanda vijito vyenye maji haba kwenda kutaga, na huko dubu na ndege huwakamata. Mgeni hutagia ziwani na hukaa kwenye kina kirefu, kwa hiyo alipowala wenyeji hakuacha mbadala kwa walaji wa nchi kavu. Mamilioni ya trauti hao wamekwishatolewa kwa nyavu, na kazi bado inaendelea.

Watetezi husema pia kwamba maziwa mengi ya milimani yalikuwa matupu, bila samaki, kabla ya kupandikizwa trauti. Matupu kwa mwenye ndoana, labda. Katika milima ya Sierra Nevada, jimboni California, yalikuwa makazi ya vyura, ambao waliongezeka tena trauti walipoondolewa. Lakini hayo ni maziwa madogo, yanayoweza kumalizwa kwa nyavu.

Kwa maoni yangu, bwawa la kuchimbwa lisilo na mkondo wa kutokea, likitiwa samaki waliofanywa tasa, halina ubaya mkubwa. Kwa ziwa la asili lililoungana na mito, anayeomba kibali ndiye anayepaswa kuonyesha, kabla ya kifaranga wa kwanza kumwagwa, nani atalipia nyavu za miaka thelathini ijayo.