Bunduki ya mjomba haikuombwa kung'aa

"Hela yote hiyo, halafu bado inaonekana ya zamani?"

Maneno ya binamu yangu hayo. Aliyasema mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi, siku nilipomrudishia mjomba bunduki yake kule Sikonge. Wiki ya pili sasa najaribu kuyameza na yanakataa kushuka, kwa hiyo nayatema hapa.

Kwanza tuelewane. Sikumpa mjomba bunduki. Bunduki ni yake na leseni ni yake, na sheria ya silaha ya 2015 haina habari na mapenzi ya mpwa. Huwezi kuviringisha mtutu kwenye karatasi ya maua kama seti ya vikombe. Zawadi yangu ilikuwa matengenezo, na hata hayo yalinitoa jasho: vibali, fundi silaha mwenye leseni, mjomba mwenyewe kupanda basi hadi Tabora mjini, na ofisi moja iliyotuambia "njooni kesho" mara nne. Nilinung'unika njia nzima. Lakini haya, nakubali shingo upande: mkoa wenye Ugalla, hifadhi ya taifa tangu 2019, hauwezi kuacha bunduki zizurure bila karatasi. Ila mara nne, jamani?

Bunduki yenyewe ni ya marisau, zile risasi za chembechembe, mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Mjomba alifukuzia nguruwe pori na ngedere waliokuwa wakimaliza mahindi yake, na mahindi hayo ndiyo yaliyolipa ada yangu. Siongezi neno hapo.

Tulipoifikisha kwa fundi, kitako kilikuwa na ufa uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na mitutu imeiva kwa kutu. Fundi alisugua taratibu kwa mafuta, kisha akaniita nione. Chini ya kutu kulikuwa na michirizi, mistari imejipinda kama maji ya mto yanapozunguka jiwe. Akasema mitutu hii haikutobolewa kwenye chuma kizima. Walichukua vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wakavipiga moto, wakavisokota, kisha wakavizungusha kwenye nondo kama mama anavyozungusha ukili akishona mkeka, wakigonga mpaka vishikane. Upande wa chini kuna mihuri ya Birmingham, Uingereza, ambako wana nyumba yao ya kupima mitutu tangu 1813. Ufundi huo ulianza kuachwa karne ya 19 ilipokuwa inaishia. Reli ilifika Tabora 1912. Fanya hesabu mwenyewe nani mkubwa kati ya bunduki ya mjomba na stesheni yetu.

Halafu ikaja habari mbaya. Mitutu hiyo ilipimwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi. Risasi za dukani leo zina baruti nyingine kabisa, yenye kishindo kingine, na kutu hupenya pale pale vyuma vilipoungwa, ndani, usikokuona. Fundi alimtazama mjomba, akamuuliza amepiga risasi za kisasa miaka mingapi. Mjomba akahesabu vidole, akaacha. "Mzee wangu," fundi akamwambia, "wewe ulikuwa unaombewa na watu." Kuanzia siku ile bunduki haipigi tena.

Kwa hiyo ndiyo, binamu, nimelipia bunduki isiyolia. Cheka umalize.

Lakini la kuonekana ya zamani siliachii. Kila kona ya mji huu tuna ugonjwa wa kung'arisha. Mlango wa mninga wa babu, mzito, uliovumilia mvua na masika ya watu watatu waliozaliwa na kufa nyumbani humo, tunaupaka rangi ya mafuta ya bluu, tunaita ukarabati. Kiti cha bibi kinapigwa vanishi mpaka ukikalia unateleza. Tukiona alama ya mkono wa mtu tunaona uchafu. Mikono hiyo ikishaondoka duniani ndipo tunaanza kutafuta picha.

Kitako cha bunduki ile kina sehemu imelika kidogo, ya kiwango cha shavu. Shavu la nani? Hakuna kiwanda kilichoichonga ile. Ni miaka ya mjomba kuweka uso pale pale alfajiri, akisubiri. Seremala tuliyempelekea ule mti peke yake (bunduki ilibaki kwa fundi silaha) nilimwambia mara tatu: ziba ufa, usiguse kingine. Alitia kipande chembamba cha mninga kwenye ufa, kazi safi, namsifu hadharani. Nikatoka kunywa chai. Nikarudi nikamkuta na msasa, anafuta, anapiga mluzi. "Bosi, nakutolea hizi kasoro." Kasoro! Alikuwa ameshalainisha upana wa vidole viwili karibu na shavu. Nilipiga kelele mpaka wapiga debe wa barabarani wakageuka.

Nikiri pia: bila msasa kabisa ule ufa usingeshika gundi. Na kutu si kumbukumbu, ni kutu. Hiyo iliondoka yote na sina majuto. Kuna vya kuondoa. Tatizo langu ni mtu asiyejua pa kuinua mkono.

Mti tuliumalizia kwa mafuta ya kitani, kisha nta ya nyuki kutoka kwenye mizinga ya mjomba mwenyewe, niliyoiiba kwa msaada wa shangazi. Hakuna vanishi hata tone.

Siku ya kukabidhi, binamu akishasema lake, mjomba hakumjibu. Alikaa chini ya mwembe, akaifungua, akachungulia mitutu tupu kuelekea mawinguni. Akainusa. "Nta yangu hii," akasema, akimtazama shangazi. Kisha akaegemeza shavu, akatulia, akasogea kidogo, akasogea tena.

"Mjomba, hapa pamenyolewa," akaniambia.

"Kidogo tu, mjomba. Nisamehe."

Akapitisha kidole gumba hadi kwenye mchubuko mrefu ulio nyuma ya kitako, ambao namshukuru Mungu msasa haukuufikia. Ni wa siku alipoanguka na baiskeli akirudi kutoka porini, kanga wamefungwa kwenye keria. Akawaita wajukuu wasogee, akaanza kukisimulia kile kisa upya. Mimi nilipokuwa mdogo kanga walikuwa watatu. Safari hii wamefika saba, na mmoja alifufuka akaruka na kamba yake.