Turudishieni zile namba mbili

Karatasi ya vipimo ya pikipiki ya BMW R 1200 GS, zile za zamani zilizopozwa kwa hewa na oili, ilikuwa na mistari miwili ambayo siku hizi huikuti. Wa kwanza ulisema ukishika mwendo wa kilomita 90 kwa saa bila kubadilisha, pikipiki inakunywa lita 4.3 kwa kilomita 100. Wa pili ulisema ukishika 120, inakunywa lita 5.5. Basi. Mwenye tangi la lita 20 alichukua kalamu akajua kwamba kwa mwendo wa kwanza atafika kama kilomita 465 kabla ya kukauka, na kwa wa pili 363. Pikipiki ni ile ile, tangi ni lile lile, mwendeshaji ni yule yule, na zimepotea kilomita 100 kwa sababu ya mkono wa kulia tu, ule unaoongeza mwendo.

Sasa fungua karatasi ya pikipiki yoyote kubwa ya safari ya miaka ya karibuni. BMW R 1250 GS: lita 4.75. R 1300 GS: 4.8. Honda Africa Twin ya 1100: 4.9. Ducati Multistrada V4: 6.5. Kila moja na namba yake moja, na hakuna anayekuambia ni kwa mwendo gani. Naliona jambo hili kuwa hasara kwa kila anayesafiri mbali kwa pikipiki, na ninataka zile namba mbili zirudi.

Namba hizi za leo si uongo. Zinatokana na kipimo cha kimataifa kiitwacho WMTC, ambacho kimewekwa ili pikipiki zilinganishwe kwa moshi na kwa mafuta katika hali moja. Pikipiki inafungwa maabara, gurudumu la nyuma likiwa juu ya roli, yaani pipa la chuma linalozungushwa na gurudumu hilo. Joto la chumba ni kati ya nyuzi 20 na 30. Mwendeshaji anahesabiwa kuwa na kilo 75, na masanduku hayamo, wala abiria. Mzunguko una sehemu tatu: ya mjini, ya barabara za kawaida, na ya barabara kuu ambako mwendo unagusa 125 kwa muda mfupi kisha unashuka. Halafu matokeo ya sehemu zote yanachanganywa, ile ya katikati ikipewa uzito mkubwa kuliko nyingine, na inatoka namba moja.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo wengi hawalijui. Roli haina upepo wa barabarani, kwa hiyo lazima mashine iambiwe ni ukinzani kiasi gani iweke kwenye gurudumu. Kanuni zinamruhusu mtengenezaji kuupima ukinzani huo barabarani, lakini zinamruhusu pia kutumia jedwali linaloukadiria kwa kuangalia uzito wa pikipiki. Ukitumia jedwali, pikipiki mbili za uzito mmoja zinapewa upepo mmoja, hata kama moja imejikunja kama panga na nyingine ina kifua kipana, kioo kirefu na usukani wa upana wa mabawa. Na pikipiki kubwa ya safari ndiyo hiyo ya pili.

Upepo ndio habari yote hapa. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inapanda kwa mraba wa mwendo. Toka 90 hadi 120, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini hewa inakusukuma kwa nguvu zaidi kwa asilimia 78. Na mtu anayekaa wima, magoti nje, viwiko nje, jaketi la safari limejaa hewa mabegani, ameipa hewa mahali pazuri pa kushika.

Hapo msomaji makini atauliza: kama upepo umepanda kwa asilimia 78, mbona ile R 1200 GS iliongeza asilimia 28 tu ya mafuta? Swali hili ni zuri sana na jibu lake linaeleza tabia nzima ya pikipiki hizi. Injini ya sentimita za ujazo 1200 iliyotengenezwa kutoa nguvu za farasi zaidi ya mia inapokwenda 90 barabara tambarare, inafanya kazi ndogo mno kuliko uwezo wake. Mlango wa hewa umefunguka kidogo tu, pistoni zinavuta hewa kwa taabu kupitia mwanya mwembamba, na sehemu kubwa ya petroli inakwenda kuizungusha injini yenyewe: msuguano wa pistoni, shafti, pampu ya oili, gia. Hayo yote yanalipwa hata kama barabara haikudai chochote. Ukiongeza mwendo, mzigo unaongezeka lakini injini inaanza kufanya kazi katika eneo lake zuri zaidi, kwa hiyo kila lita inatoa kazi nyingi kuliko mwanzo. Ndiyo maana mwendo wa polepole hauokoi kiasi ambacho hesabu ya upepo peke yake ingekuahidi.

Lakini faida hiyo ina mwisho. Kupita 120, injini imekaribia mahali pazuri na upepo haujasimama. Toka 120 hadi 140 nguvu ya hewa inaongezeka tena kwa asilimia 36, na safari hii cha kuifidia kinazidi kupungua. Huko ndiko zinakotoka zile lita 7 na kuzidi ambazo watu wanazilalamikia, wakidhani pikipiki zao mbovu. Si mbovu. Zinafanya kazi ambayo hakuna aliyewaambia ina gharama hiyo.

Na usidhani ukubwa wa injini ndio unaoamua. Honda NC750X ina sentimita za ujazo 745, na Honda wanaiandikia takriban lita 3.5. Mdogo wake CB500X mwenye 471 alikuwa akiandikiwa takriban 3.6. Injini kubwa inakunywa kidogo kuliko ndogo! Ile ya NC imetengenezwa na mapigo marefu ya pistoni, milimita 80 kwa kipenyo cha 77, haipendi kuzunguka kwa kasi, na inavuta vizuri ikiwa chini. Watengenezaji wakitaka kubana mafuta, wanajua namna. Kwenye pikipiki kubwa za safari wametaka kitu kingine: nguvu za farasi 145 kwa R 1300 GS, 170 kwa Multistrada V4. Sina ugomvi na anayezitaka nguvu hizo. Ninachotaka ni ajue bei yake kwa lita. Ducati wenyewe wanalijua tatizo, maana V4 yao huzima silinda mbili za nyuma pikipiki inaposimama huku injini ikiunguruma, na kwenye Multistrada V4 Rally wakauendeleza utaratibu huo hadi pikipiki ikiwa kwenye mwendo mdogo.

Tuje kwenye mizigo. Watu huogopa kilo, na kilo kweli zina lao: milimani, mjini kwa kusimama na kuondoka, na zaidi ya yote kwenye mchanga laini, ambako unapigana kwa gia ya pili, injini inalia, na kilomita haziendi. Lakini kwenye lami tambarare kilo zinaongeza kidogo. Kinachoongeza ni upana. Masanduku mawili ya aluminiamu pembeni yanaweza kuifikisha pikipiki karibu na mita moja ya upana, na yana kona kali zinazokata hewa vibaya. Weka na begi la kukunja juu ya kiti cha nyuma, weka taa za ziada na kioo kirefu. Pikipiki iliyopimwa maabara na pikipiki inayoondoka kwenda safari ya wiki tatu ni vyombo viwili tofauti.

Kisha kuna upepo wa mbisho, ambao hakuna karatasi inayoutaja. Ukienda 90 dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa, hewa inakupiga kama uko 120, lakini unafika kwa saa za mtu wa 90. Nimeitazama ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye kioo cha dashibodi ikishuka tatu wakati nimekwenda moja, na hakukuwa na kilichoharibika. Kompyuta hukadiria kwa kuangalia ulivyokunywa muda mfupi uliopita. Ukitoka barabara ya polepole ukaingia barabara kuu, inakuahidi umbali ambao haupo, na inachukua muda kukubali ukweli. Upande mwingine, ukipanda nyanda za juu mambo yanakuwa mazuri kidogo: kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, inakusukuma kidogo, na mlango wa hewa unafunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Wengi wanaosifu pikipiki zao kwa kubana mafuta walizipima milimani.

Kwa hiyo pima mwenyewe, na pima kwa tangi, usitegemee namba ya dashibodi. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati kila mara, kwa sababu ikilalia stendi ya pembeni, hewa inabaki imenaswa upande mmoja wa tangi na unaweza kukosea kwa zaidi ya lita. Jaza mpaka petroli ionekane chini ya shingo ya tangi, kisha subiri. Povu linashuka, mapovu madogo yanapanda kutoka pembeni, na usawa unateremka kwa upana wa kidole. Ongeza taratibu mpaka ufike alama uliyojichagulia, kwa mfano ukingo wa chini wa kile kibati cha ndani. Anayeshika bomba kwenye sheli atakuwa na haraka. Mwombe akuachie umalizie mwenyewe, au mwelekeze ulipo usawa wako. Sifuri kilomita za tripu. Ukijaza tena, jaza mpaka alama ile ile, ugawe lita kwa kilomita, uzidishe kwa 100.

Hata hapo kumbuka kwamba kilomita zenyewe zinahesabiwa na gurudumu. Tairi la nyuma la 170/60 inchi 17 lenye nusu kipenyo cha milimita 318 likiisha milimita 6 linapungua karibu asilimia 2, na pikipiki inahesabu kilomita ambazo hukuzienda. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 nayo ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 3. Kimoja kinapamba namba yako, kingine kinaiharibu.

Na ukisoma namba za wenzako wanaotumia maili kwa galoni, tazama ni galoni ya wapi. Lita 5 kwa kilomita 100 ni maili 47 kwa galoni ya Marekani, na maili zaidi ya 56 kwa galoni ya Uingereza. Nimeona mabishano marefu yaliyozaliwa na hilo tu.

Tangi kubwa halimalizi tatizo peke yake. Multistrada V4 ina lita 22, R 1300 GS ina 19. Kwa namba zao za maabara, ya kwanza inafika kilomita 338, ya pili 396. Mwenye tangi kubwa ndiye anayetangulia kutafuta sheli. Tangi la lita 30, kama la BMW GS Adventure au Triumph Tiger 1200 Explorer, lina petroli ya kilo 22 hivi likijaa, juu kabisa karibu na kifua chako, na mzigo huo unausikia unapogeuza pikipiki kwenye kokoto. Kwa anayepita kwenye pengo la kilomita 400 bila kituo, ni uamuzi sahihi kabisa. Kwa anayezunguka kwenye lami yenye sheli kila kilomita 60, anabeba maji ya bahari kupeleka pwani.

Wanaofanya majaribio ya pikipiki na kuyaandika nao nina neno nao. Wanapewa pikipiki mpya, wanaiendesha siku chache kwa kila namna, kona, mji, barabara kuu, kisha wanaandika wastani mmoja wa wiki nzima. Wastani huo hauna tofauti na ule wa maabara. Hauniambii chochote ninachoweza kukitumia. Tangi moja kwa 90, tangi moja kwa 120, moja kwa 120 na masanduku yamefungwa. Ni kazi ya siku moja na nusu, na ingekuwa na manufaa kuliko kurasa mbili za kusifia sauti ya ekzosi.

Mpaka hapo watakaposikia, mimi napanga safari kwa tangi baya kuliko yote niliyowahi kupima, wala si kwa wastani. Kama tangi lako baya lilikuwa lita 7 kwa kilomita 100 na una lita 20, ondoa 3 za akiba. Zilizobaki 17 zinakupa kilomita 240 na ushei. Hiyo ndiyo unayoiweka kwenye ramani. Na ukitutajia pikipiki yako inakunywa kiasi gani, tafadhali andika na mwendo, masanduku na aina ya tairi, ili mwenye pikipiki kama yako aweze kuitumia.