Fastjet Tanzania: Madeni Yake au Mkono wa Serikali?

Wapo wanaoamini Fastjet, shirika binafsi la ndege za nauli nafuu, iliuawa ili ATCL, shirika la ndege la serikali, ipumue, na wapo wanaosema ilijiua yenyewe. Hawa wa pili wana ushahidi mzito zaidi, lakini hoja ya wale wa kwanza haijajibiwa mpaka leo.

Ilianza kuruka Novemba 2012, kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa Airbus A319. Nauli ya chini ilitangazwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, tena unalipia kwa simu. Kwa mtu wa Mwanza aliyezoea kupanda basi alfajiri na kushuka Ubungo usiku, miguu imevimba, hilo halikuwa jambo dogo. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza kwa sababu yake.

Hesabu ndizo zilizogoma. A319 ina viti zaidi ya 150, na kwa njia zetu za ndani kuvijaza kila siku ni kazi. Tiketi unauza kwa shilingi, ilhali ukodishaji wa ndege na vipuri vinataka dola. Mwaka 2016 ikahamia Embraer 190, ndogo kidogo, lakini hasara zilikuwa zimeshalimbikizana. Novemba 2018 kampuni mama ikajitoa na kuuza hisa zake, mmoja wa wanunuzi akiwa waziri wa zamani Lawrence Masha. Desemba mwaka huo huo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikatoa notisi ya kusudio la kufuta leseni: madeni mengi, na ndege imebaki moja. Kuiacha kampuni ya hali hiyo iendelee kuuza tiketi kungekuwa kucheza na fedha za abiria. Kwa hilo naiunga mkono mamlaka.

Lakini Masha alilalamika hadharani kwamba walizuiwa kuleta ndege nyingine, na hapo ndipo shaka inapoanza. Tangu 2016 serikali ilikuwa ikinunua ndege mpya kwa ajili ya ATCL. Baadaye CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akaripoti kuwa ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 60 mwaka 2019/20, na ikaendelea kuruka. Mshindani mmoja anabebwa na hazina, mwingine anadaiwa mpaka senti.

Fastjet iliposimamisha safari, waliokomolewa ni wenye tiketi, tena Desemba, Wachagga wakiwa njiani kwenda Moshi kula Krismasi. Kila shirika, la umma na la binafsi, lilazimishwe kuweka dhamana ya tiketi linazouza kabla ndege haijaruka.