Daraja la pili si kaburi la mchezaji

Nyumbani Tanzania, kiungo akitoka Ligi Kuu akasajiliwa na timu ya Championship, yaani daraja la pili, maskani nzima inamzika angali hai. Ameisha huyo, kilichobaki ni kusimulia alivyompiga mtu tobo pale kwa Mkapa. Tangu nihamie huku Louisville, Kentucky, naona tunawaonea sana hawa watu, na wanaowaonea kutuzidi sisi ni viongozi wa timu zao.

Mtazame Corben Bone. Kiungo, mzaliwa wa Plano, Texas, kasoma Wake Forest. Mwaka 2010 Chicago Fire walimchukua akiwa chaguo la 13 katika ule utaratibu wa MLS, ligi kuu ya Marekani, wa kuteua wachezaji kutoka vyuoni. La 13 nchi nzima! Kwetu angeshapiga picha na mbunge. Ila Chicago hakupata namba ya kudumu. Akahamia Philadelphia Union, nako mambo magumu, mwisho akashuka mpaka Wilmington Hammerheads, katimu ka North Carolina katika ligi ya chini.

Kwa hesabu za maskani, stori imekwisha hapo. Lakini 2016 FC Cincinnati ilianza kucheza USL, ligi iliyo chini ya MLS, Bone akasajiliwa. Msimu uliofuata walikuwa wanaingiza wastani wa watu zaidi ya 20,000 kwenye mechi za nyumbani, daraja la pili hilo, na kwenye US Open Cup, kombe linalokutanisha timu za madaraja tofauti, wakafika nusu fainali. Njiani waliitoa kwa penalti Chicago Fire, timu ileile iliyomteua. Baadaye akaja Louisville City, umri umeshapita thelathini, na bado aliheshimika kama fundi anayejua kazi yake.

Hapa alimkuta Paolo DelPiccolo, kiungo mwenzake na nahodha, aliyesoma chuo kikuu cha mji huuhuu. DelPiccolo alibeba ubingwa wa USL 2017 na 2018. Fainali ya 2018 walicheza kwenye uwanja wa besiboli, wakaifunga 1-0 Phoenix Rising ya Didier Drogba, na Drogba akatundika daluga baada ya mechi hiyo. Ukiwauliza ndugu zangu wa Kariakoo huyo DelPiccolo ni nani, watakuuliza kwanza kama unauza jezi.

Hela ya wachezaji wa USL isiwadanganye. Si ya kujengea ghorofa. Wengi wanapanga nyumba moja wawili watatu, jioni wanafundisha watoto ili mwezi uishe, na mkataba wa msimu mmoja ni kitu cha kawaida. Tofauti ni kwamba mchezaji ana pa kushika. Mwaka 2021 chama cha wachezaji kilisaini na ligi mkataba wa pamoja wenye kima cha chini cha mshahara. Wengi wamepitia chuo, kwa hiyo mpira ukikata, cheti kipo kabatini.

Sasa njoo kwetu. Nina rafiki aliyecheza namba nane kwenye timu moja ya mkoani. Goti lilipokwenda, uongozi ulimlipia bajaji ya kumpeleka hospitali, basi. Operesheni tuliichangia sisi kwenye kundi la WhatsApp, elfu kumi kumi, huku katibu wa timu naye akiwa ndani ya kundi hilo, kimya. Mshahara wa miezi ya nyuma anaudai hadi leo. Waliopona kidogo ni wale wa timu za majeshi, kama Tanzania Prisons na JKT, kwa sababu kule mchezaji anaweza kupata ajira inayobaki mpira ukishamtupa. Watu huwacheka kwamba wanacheza kwa nguvu bila ufundi. Mimi siwacheki tena.

Msinielewe vibaya nikaonekana nimelewa ubwabwa wa Wamarekani. Kwa watoto, huku ni uonevu mtupu. Mtoto mwenye kipaji akitaka timu ya maana ya vijana, mzazi anatoa maelfu ya dola kwa mwaka, bado mafuta ya gari na hoteli za mashindano. Mtaani kwangu kuna vijana wa Kikongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanaongea Kiswahili cha Kigoma, na miguu yao inaongea zaidi. Wanacheza kwenye kiwanja cha shule mpaka giza. Nani atawaona? Kwetu ndondo, mpira wa mtaani, haina kiingilio cha mchezaji. Unakuja na viatu vyako, au huna, unaazima.

Ndiyo maana jina la Bernard Kamungo linatajwa kwa sauti kubwa huku. Alizaliwa Kasulu, familia ya wakimbizi kutoka Kongo, akakulia Abilene, Texas. Mwaka 2021 alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, daraja la tatu wakati huo, akachukuliwa. Mwaka 2023 alikuwa anaifunga Inter Miami ya Messi akiwa na FC Dallas. Mlango aliopitia ni huohuo wa ligi za chini tunazozidharau.

Kitu kimoja bado kinanishinda: hapa timu inashika mkia na Machi mashabiki wanarudi wanacheka, maana hakuna kushuka daraja. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa 1999 na 2000, wakashuka 2024, na kule nyumbani kwao Manungu walijua wameshuka. Machi 2025 wamiliki wa USL walipiga kura kukubali kupanda na kushuka. Nawasubiri. Ila siku timu ya Louisville itakaposhuka, kiungo wake akakubali kushuka nayo, nitataka kujua kwanza mkataba wake unasemaje kuhusu mshahara, na ningependa akina katibu wa kule kwetu waulizwe swali hilohilo kabla msimu haujaanza.