Furaha ya wananchi ni kazi ya serikali kweli?

Kila anayeongelea hii ishu lazima aitaje Bhutan, kanchi kadogo ka milimani huko Asia, basi tuanze nayo. Mfalme wao wa wakati huo, Jigme Singye Wangchuck, miaka ya 1970 alisema furaha ya taifa ina uzito kuliko pato la taifa, alafu katiba yao ya 2008 ikaipa serikali jukumu hilo kimaandishi kabisa. Wanapima mpaka watu wanalala saa ngapi.

Na wana hoja, tusibishe tu. Pato la taifa ni hesabu ya pesa iliyozunguka, ajali zikiongezeka mafundi gereji na hospitali wanapata kazi na pato linapanda, sasa hapo nani kafaidi? Hata Simon Kuznets aliyetengeneza hizo hesabu kule Marekani alilionya bunge lao 1934 kwamba huwezi kujua watu wanaishi vizuri kwa kuangalia pato peke yake. New Zealand nao 2019 wakaja na bajeti ya ustawi, afya ya akili ikapata fungu nono, hicho ni kitu unachoweza kukiona.

Ila Bhutan hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu kama laki moja hivi wenye asili ya Nepal walijikuta nje ya nchi wakiishi makambini, na hao kwenye vipimo vya furaha hawamo kwa sababu hawapo. Mimi ndo kinachonitisha hicho, maana serikali ikishajipa kazi ya kukufurahisha inajipa na kazi ya kuamua furaha ikoje na nani anastahili, ukilalamika wewe ndo mkorofi. Venezuela 2013 waliunda mpaka ofisi ya furaha huku karatasi ya chooni madukani ni ya kutafuta kwa tochi (sitanii).

Finland inaongoza ripoti ya furaha duniani tangu 2018 na waziri wa furaha hawana. Ukiumwa unatibiwa, ukikosa kazi kuna posho, mengine unajipangia mwenyewe.

Kwahiyo kupima wapime tu, ila majibu yatoke hadharani hata yakiaibisha. Bhutan kwenye hili nawapa maksi, vijana wao wanakimbilia Australia kwa wingi na waziri mkuu wao Tshering Tobgay kalisema wazi, hajalificha.