Mashine Iliyofunga Ndoa Uani

Mashine yetu ya kufulia ni ile ya matangi mawili, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Tuliinunua mtumba, ina stika ya lugha ambayo Tabata nzima sijapata wa kuisoma. Haina kompyuta wala taa za kumeremeta. Ukizungusha swichi ya taima, springi iliyo ndani inajikaza, inaanza tiki-tiki-tiki, na kwa dakika 15 ile sahani iliyo chini ya tangi inazunguka kulia, inatulia, inazunguka kushoto, inatulia. Huko kubadilisha upande ndiko kufua kwenyewe. Nguo zikizungushwa upande mmoja tu hazifuliwi, zinasukwa.

Elimu hii niliipata mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga.

Mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana. Akiwa sebuleni, mimi naangalia mpira kwa jirani. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wangu, hata kama nimekaa mkeka wa pili, na mimi namjibu mke wangu. Utaratibu huu haujawahi kutuletea shida, isipokuwa Jumamosi ile ambayo mke wangu alikuwa zamu kazini hadi jioni.

Mama alikuwa ameipenda mashine tangu siku aliyofika. Alikuwa anavuta kigoda anakaa kuitazama inavyofanya kazi huku anakuna nazi. Jumamosi hiyo akaamua kutusaidia. Alibeba tenga zima la nguo chafu, zake na zetu bila kuchambua, akatumbukiza, akamwaga sabuni ya unga, akazungusha swichi. Baada ya muda nikasikia naitwa kutoka uani.

"Mkwe wangu, hebu njoo. Nguo huku zimefunga ndoa."

Nikachungulia. Ndani ya tangi hamkuwa na nguo tena, mlikuwa na kamba ya kufungia jahazi. Shuka letu lilikuwa limezunguka kwa nje, kisha kanga ya mama ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", ila msokoto ulikuwa umemeza nusu na yaliyobaki nje yalisomeka "mwenyeji apone" tu. Na katikati, mbele ya macho yetu wawili, bukta yangu ya bluu, ile iliyochanika, imekumbatiana na gagulo la mama mkwe. Imeingilia pindo, ikatokea kiunoni.

Mama aliona. Niliona kwamba ameona. Akainua macho kwenye mnazi wa jirani.

"Minazi mwaka huu imezaa," akasema.

"Imezaa sana, mama."

Kwa adabu nikafumba macho, nikaanza kuzitenganisha kwa kupapasa. Simshauri mtu. Kwa macho angalau unajua unachokishika. Nikakwama, nikaacha, nikampigia mwenye nyumba anitafutie fundi.

Fundi wa mwenye nyumba alikuja haraka ajabu. Akawasha mashine, akasikiliza kwa sekunde kadhaa, akazima. Hakufungua hata skrubu moja.

"Mota imekwisha. Laki na ishirini."

Mashine yenyewe tuliinunua laki mbili. Nikamuuliza mota iliyokwisha inazungukaje kulia vizuri namna ile. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ndiyo inavyoisha." Halafu, ili aonyeshe kwamba amefanya kazi, akaichomoa ile kamba yote kutoka kwenye tangi, akaiinua juu mbele ya wapangaji wote waliokuwa wamejaa uani.

"Bosi, bukta hii na gagulo hili nivitenganishe, au vinakaa hivihivi?"

Mama akaingia ndani kuswali. Ilikuwa saa nne asubuhi. Huenda ilikuwa Dhuha, sikuuliza.

Aliyetuokoa ni kijana anayetengeneza feni pale njia panda. Alikuja na bisibisi, plaizi na tesa ya kupimia umeme, yenye mlio. Kitu cha kwanza alichomoa plagi ukutani, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifikiria. Akafungua mgongo wa mashine, akagusisha bisibisi kwenye miguu miwili ya kapasita. Ikatoka cheche, pwaa! Ndani nikasikia, "Bismillahi!" na swala ikaishia hapo.

"Hii hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje," kijana akaeleza. Mama alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni na tasbihi, kwa hiyo maelezo yote yaliyofuata alipewa yeye. Mota ya kufulia, mama, ina nyaya tatu. Mmoja ni wa pamoja, mbili ni za pande. Umeme ukiingia huku inakwenda kulia, ukiingia kule inakwenda kushoto. Akapima kutoka ule wa pamoja hadi huu, akapima hadi ule: tesa ikasoma sawasawa. Mota nzima. Kisha akahamia kwenye taima. Akaizungusha, akashika nyaya zake kwa tesa. Ikalia piii kwa upande wa kulia. Ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Ikafika zamu ya upande wa kushoto, ikanyamaza tena, kama isivyotakiwa.

"Taima hiyo, mama. Haitoi umeme wa kushoto."

"Mimi nilijua," akasema mama mkwe.

Tukaifungua juu ya beseni lililopinduliwa. Ndani ni springi, vigurudumu vya plastiki vyenye meno, na ndimi nyembamba za shaba zinazogusana na kuachana kila gurudumu linapopita. Ncha ya ulimi mmoja ilikuwa imeungua, nyeusi, imeyeyuka kidogo pembeni. Kijana akaisugua kwa msasa, mashine ikazunguka kushoto kwa muda wa kutosha kutupa matumaini, ikarudi kulia. Nikatumwa Kariakoo.

Muuza spea hakutaka kujua jina la mashine. "Nyaya ngapi? Dakika ngapi? Kijiti bapa au cha meno?" Nikamwonyesha taima ya zamani: dakika 15, kijiti bapa upande mmoja. Akanipa yenye kijiti cha meno. Nikamwambia kaka, hii ni meno. Akasema, "Zote zinaingiliana," tayari anamhudumia mteja mwingine.

Haziingiliani. Kishikio chetu kiligoma kabisa kuingia kwenye kijiti kipya, na rangi za nyaya hazikulingana hata moja: yetu ilikuwa na njano palipokuwa na kahawia, na nyekundu pasipo na kitu. Kijana hakujali rangi. Alizipima upya moja moja kwa tesa hadi akapata wa pamoja, akaunga, akafunga utepe. Kishikio akakiweka mfukoni mwa shati langu, akakamata kijiti kwa plaizi, akakizungusha. Tiki-tiki-tiki. Sahani ikaenda kulia. Ikatulia. Ikaenda kushoto! Wapangaji wakapiga makofi.

Mama akaleta nguo za majaribio. Safari hii zilikuwa zake peke yake, amezihesabu. Akamwaga sabuni, kijana akazungusha plaizi, na hapo hapo umeme ukakatika.

Mashine ikanyamaza lakini taima ikaendelea, tiki-tiki-tiki, maana yenyewe inakwenda kwa springi, haidai umeme wa mtu. Mama akavuta kigoda, akakaa. Tukasubiri wote. Dakika zikaisha, ikalia tak, ikasimama. Mama akafunua mfuniko, akaingiza mkono.

"Mbona sabuni haijayeyuka?"

"Haikufua, mama. Imehesabu tu."

"Imehesabu nini?"

Kijana wa feni akaomba hela yake aende, akaniachia plaizi kwa mkopo.

Umeme ulirudi jioni, na mke wangu naye. Alitukuta uani, mashine inazunguka kulia na kushoto, kamba zote mbili za kuanikia zimejaa, mimi nimekaa karibu nizungushe plaizi mama akihitaji.

"Mashine imepona?" akauliza.

"Imepona," mama akamjibu. "Ila ile bukta ya bluu ya mumeo imechanika vibaya. Mwambie anunue nyingine."

Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba nimesikia.