Shingo ya Kupasua na Shingo ya Kuonyeshwa

Sisi wa ughaibuni tukikutana, tunakubaliana upesi kwamba mafunzo ya udaktari ya huku Uingereza yameyapita ya kwetu kwa kila kitu. Mimi nabisha, na hoja yangu ni shingo.

Nilisoma anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, Kenya kwa kupasua maiti mwenyewe. Sasa nasaidia kuwafundisha wanafunzi wa huku, na wengi hawashiki kisu. Wanaletewa mwili ambao mtaalamu amekwisha kuupasua na kuusafisha, nao wanauzunguka wakitazama. Vipo vyuo ambavyo wanafunzi bado wanapasua, lakini si vyote. Kwa mkono au mguu, haya, kutazama kunaweza kutosha. Shingo haikubali.

Chini ya ngozi kuna platisma, msuli mwembamba kiasi kwamba mtu asipoangalia anauondoa pamoja na ngozi. Ukishaukata sternokleidomastoidi, msuli mnene wa upande wa shingo, pale unaposhika mtulinga na kidari, unaukunjua kuelekea sikioni, ndipo ala ya karotidi, mfuko unaofunika mishipa mikubwa ya shingo, inapojitokeza. Hapo kisu kinawekwa chini. Kazi iliyobaki ni ya kibano na ncha ya kidole. Mbele ya ala hiyo hulala kitanzi chembamba cha neva, ansa sevikalisi, ambacho mwenye haraka hakioni kamwe kwa sababu amekwisha kukivuta pamoja na mafuta. Ndani ya ala ateri ya karotidi iko upande wa kati, vena ya jugula upande wa nje, na neva ya vagasi imejibana nyuma, baina ya hizo mbili. Sogeza ala kando, utakutana na msuli wa skalini ya mbele, na juu ya msuli huo neva ya freniki ikishuka kwenda kuendesha kiwambo, msuli wa kupumulia. Vena ya sabklavia, iliyo chini ya mtulinga, hupita mbele ya skalini hiyo, ateri yake hupita nyuma. Aliyewahi kupenyeza kidole hapo hana haja ya kukariri.

Halafu kuna ile neva ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, inayoshuka kisha ikarudi juu. Kushoto huzunguka chini ya upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni, kulia huzunguka ateri ya sabklavia, kisha hupanda kati ya trakea, yaani bomba la hewa, na umio, nyuma ya tezi ya thairoidi. Daktari akiikata anapoondoa tezi, sauti ya mgonjwa inakwaruza. Kwenye mwili ulioandaliwa neva hiyo imefungiwa uzi wa rangi. Mgonjwa haji na uzi.

Mpaka hapo nyumbani tunashinda. Lakini mtu niliyempasua kule hakuwahi kuulizwa. Sheria yetu inaruhusu miili ambayo ndugu hawakuidai ipelekwe vyuoni, na jina lake hatukuambiwa. Huku, Sheria ya Tishu za Binadamu ya 2004 inamtaka mtu aridhie mwenyewe, kwa maandishi na mbele ya shahidi, angali hai. Hata mwanawe hawezi kuridhia kwa niaba yake akishakufa. Familia nazo hualikwa kwenye ibada ya shukrani.

Msiniambie huo ni utamaduni wao tangu zamani. Mwaka 1828 Burke na Hare waliua watu 16 mjini Edinburgh wakauza maiti kwa mwalimu wa anatomia, na sheria iliyofuata, ya 1832, iliwapa madaktari miili ya maskini waliofia kwenye nyumba za maskini bila wa kuwadai. Utaratibu wetu wa leo unafanana mno na huo. Wao waliuacha, na kinachotuzuia sisi si pesa, maana fomu na shahidi havihitaji mashine.

Vyuo vya kwetu viandikishe wenye hiari, na vianze na sisi madaktari tuliofaidika. Fomu ya huku sijaisaini, nangoja ya nyumbani. Wanangu wanauliza nani atalipia maiti isafirishwe hadi Kenya ili ikapasuliwe tu. Swali ni la haki, na bado tunabishana.